Episodi dhaifu za The Twilight Zone: zilikwama wapi?

Ndugu msomaji,

Umeniandikia kwamba wewe na mke wako mmekuwa mkitazama The Twilight Zone ya asili, ile ya nyeusi na nyeupe, kwa mfuatano tangu episodi ya kwanza. Kwamba mlipofika msimu wa nne mlipitiwa na usingizi wote wawili katikati ya No Time Like the Past. Na kwamba mngependa kujua mambo matatu: episodi zipi ni dhaifu kuliko zote, kama inafaa kuuruka msimu wa nne mzima, na imewezekanaje mtu aliyeandika The Monsters Are Due on Maple Street akaandika pia The Whole Truth. Nitaanza na hilo la mwisho, kwa sababu ukishalielewa utaweza kuzitambua episodi dhaifu wewe mwenyewe kabla hazijatimiza dakika tano.

Tamthilia hii ya hadithi za ajabu ilirushwa na kituo cha televisheni cha CBS nchini Marekani kuanzia tarehe 2 Oktoba 1959 hadi tarehe 19 Juni 1964. Ilikuwa na misimu mitano na episodi 156, kila moja ikiwa na hadithi yake, wahusika wake na mwisho wake. Yule bwana mwenye suti anayetutangulizia hadithi, Rod Serling, ndiye aliyeibuni, na kati ya episodi hizo aliandika 92 kwa mkono wake; au tuseme kwa mdomo wake, maana alikuwa na desturi ya kuyasema maneno yote kwenye kinasa sauti, kisha yakapigwa chapa na katibu. Mtindo huo ulimpa mazungumzo yenye mdundo ambao waandishi wengi wa wakati wake hawakuwa nao. Lakini ulimpa pia ugonjwa wake mkubwa, kwani mtu anayetunga kwa kuzungumza peke yake chumbani huishia kuhutubia, na wahusika wake, awe askari, mlevi au mwuza viatu, huanza wote kuzungumza kama yeye.

Watu wengi wakiulizwa kuhusu episodi mbovu hujibu kwamba mwandishi alichoka, na huishia hapo. Uchovu ulikuwepo, tena wa kweli, na nitaurudia. Lakini hautoshi kuwa jibu. The Whole Truth, ambayo mimi pia ninaiweka chini kabisa, ilirushwa tarehe 20 Januari 1961, katikati ya msimu wa pili, msimu uleule uliotupa Eye of the Beholder miezi miwili tu kabla yake. Tena wiki moja baadaye, tarehe 27 Januari, watazamaji walewale waliona The Invaders ya Richard Matheson, ambamo Agnes Moorehead, mwanamke mkongwe katika nyumba ya upweke, anapambana na viumbe vidogo vilivyoshuka juu ya paa lake, bila kutamka neno hata moja. Kilichotenganisha bora na hafifu katika siku hizo saba ni kitu kingine.

Kwa maoni yangu kitu hicho ni hiki: Serling alikuwa hodari pale alipokuwa bado hajui amhukumu vipi mhusika wake, na alikuwa dhaifu pale hukumu ilipokwisha kutolewa kabla hadithi haijaanza. Katika Maple Street taa zinazimika mtaani, majirani wanaanza kushukiana, na sisi tuliokaa kwenye makochi yetu tunashukiana nao. Hata yule mwenye busara hatuna hakika naye. Katika The Whole Truth hakuna cha kushuku. Harvey Hunnicut ni mwuza magari yaliyokwisha tumika, mwongo kitaaluma, hodari wa kuuza mbuzi kwenye gunia. Mzee mmoja mpole anamwuzia mkweche wa kale, kisha anamwambia kwamba gari hilo lina mzuka: yeyote atakayelimiliki atalazimika kusema kweli tupu. Kuanzia hapo ungeweza kuiandika sehemu iliyobaki wewe mwenyewe ukisubiri maji ya chai yachemke. Anamwambia mteja kwamba magari yake ni mabovu. Anamwambia mke wake kwamba jioni hatakuwa kazini bali kwenye karata. Anamwambia msaidizi wake ukweli kuhusu nyongeza ya mshahara anayoisubiri, na msaidizi anampiga ngumi. Kila tukio ni lilelile likiwa limebadilishwa mtu wa kuambiwa.

Angalia jinsi wazo lenyewe lilivyokuwa na utajiri ambao haukuguswa. Mtu aliyeishi kwa uongo maisha yake yote analazimishwa kusema kweli. Je, kuna kweli ambayo yeye mwenyewe hakuwa akiijua mpaka aliposikia mdomo wake ukiitamka? Je, mke wake, baada ya kuambiwa kweli kwa siku mbili, anaanza kumpenda au kumchukia? Hakuna hata moja linaloulizwa. Badala yake Hunnicut anatafuta namna ya kuliondoa gari mikononi mwake, na hatimaye analiuza liende kwa Nikita Khrushchev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, kisha anainua simu akimtafuta Jack Kennedy. Tarehe niliyoitaja ndiyo siku ambayo Kennedy aliapishwa kuwa rais wa Marekani, kwa hiyo mzaha ulikuwa wa moto usiku ule. Kesho yake ulikuwa umekwisha poa.

Kuna jambo jingine ambalo huenda mmelihisi bila kulitambua. Yadi ile ya magari inasikika kama ukumbi. Wahusika wanadaiwa kusimama nje, juani, barabara ikiwa karibu, lakini sauti zao zinagonga kuta na kurudi, na mwanga ni mmoja kila mahali, bapa. Wanafunzi wangu wa uandishi wa skripti, nikiwaonyesha dakika tatu za mwanzo, hucheka kabla ya mzaha wowote kufika. Sababu ni kwamba wakati huo CBS ilitaka matumizi yapunguzwe, na episodi sita za msimu wa pili zilirekodiwa kwenye kanda ya video, ndani ya studio, kwa kamera zilizokuwa zikibadilishana papo kwa papo kama katika matangazo ya moja kwa moja. Kuhariri kanda ya video wakati ule kulikuwa shughuli ya kuikata na kuiunga kwa mkono, kwa hiyo picha ilivyotoka ndivyo ilivyobaki, na kutoka nje ya studio hakukuwezekana. Akiba iliyopatikana ilikuwa kama dola 5,000 kwa kila episodi, yaani dola 30,000 hivi kwa zote sita. Fedha hizo zilikuwa kidogo mno kulinganisha na uharibifu wa sura, na jaribio halikurudiwa.

Hata hivyo msiipe kanda ya video lawama isiyo yake. The Night of the Meek, ile ya mlevi aliyevaa mavazi ya Santa Claus, iliyochezwa na Art Carney na kurushwa tarehe 23 Desemba 1960, ilirekodiwa kwa njia ileile na inapendwa hadi leo. Mwanga wake nao ni bapa. Lakini ndani yake kuna mtu mwenye jeraha, na tunataka kujua litamfikisha wapi, kwa hiyo macho husahau kuta za studio.

Nikija kwenye vichekesho kwa jumla, hapa ndipo penye rundo kubwa la episodi dhaifu. Serling alivipenda vichekesho kuliko vilivyompenda. Mr. Dingle, the Strong, ya tarehe 3 Machi 1961, inampa Burgess Meredith, mwigizaji yuleyule aliyetutoa machozi katika Time Enough at Last, kazi ya kupewa nguvu na mgeni wa Mirihi mwenye vichwa viwili, kuinua vitu vizito, kunyang'anywa nguvu hizo, kisha kupewa akili na wageni wengine kutoka Zuhura. Yote hayo anafanyiwa. Yeye hafanyi lolote. Sisi tuliolelewa kwa visa vya Abunuwasi tunajua kwa nini jambo hilo halichekeshi. Abunuwasi hutuchekesha kwa sababu sultani amemweka pabaya na yeye hana silaha ila akili yake, na kila mara anaweza kushindwa. Mpe Abunuwasi uchawi wa bure kutoka angani na kisa kimekwisha hapohapo. Vichekesho vya Serling karibu vyote ni uchawi wa bure.

Ushahidi mzuri zaidi ni jozi ya Mr. Bevis na Cavender Is Coming, kwa kuwa ni hadithi moja iliyotengenezwa mara mbili. Katika ya kwanza, ya Juni 1960, kijana mwenye tabia za ajabu lakini mwenye moyo mwema anapoteza kazi, gari na chumba; malaika wake mlinzi anambadilishia maisha; yeye anagundua kwamba alikuwa na furaha zaidi mwanzoni. Katika ya pili, ya tarehe 25 Mei 1962, badala ya kijana kuna Carol Burnett, na badala ya kazi iliyopotea kuna kazi iliyopotea. Zote mbili zilitungwa kwa matumaini kwamba zingezaa tamthilia nyingine ya kujitegemea, na hilo linaonekana: mwisho hauwezi kumbadilisha mtu, kwa kuwa wiki ijayo atahitajika akiwa vilevile. Cavender ilirushwa hata na vicheko vya kubandika, vile vya watu wasioonekana wanaoangua kicheko kila baada ya sentensi. Ukiisikiliza kwa makini utaona vicheko hivyo vinakuja mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angekuwa anatazama saa.

The Mighty Casey, ya Juni 1960, ninaisamehe zaidi ya wengine wanavyoisamehe. Inahusu roboti mrusha mpira katika timu ya besiboli, ambaye akishapewa moyo anaona huruma na hawezi tena kuwashinda wapinzani. Mzaha ni mmoja tu, lakini ni mzaha wenye maana. Tena ina historia ya kusikitisha nyuma yake: Paul Douglas, aliyeigiza kocha, alikuwa mgonjwa sana wakati wa kupiga picha na alifariki dunia muda mfupi baadaye, mwezi Septemba 1959. Ugonjwa wake ulionekana wazi kwenye filamu kiasi kwamba kichekesho kiligeuka kuwa kitu kisichotazamika. CBS haikukubali kulipia marudio, kwa hiyo kampuni ya Serling mwenyewe ndiyo iliyogharamia kupigwa upya kwa sehemu hizo, Jack Warden akichukua nafasi ya marehemu.

Sasa tuingie msimu wa nne uliowalaza. Mwaka 1962 tamthilia ilichelewa kupata mdhamini, CBS ikampa mwingine nafasi yake, na iliporudi tarehe 3 Januari 1963 ilitakiwa kujaza saa nzima badala ya nusu saa. Ukitoa matangazo ya biashara, hadithi ya dakika 25 ilibidi ifike 51. Wakati huohuo mtayarishaji Buck Houghton, ambaye kwa misimu mitatu ndiye aliyekuwa jicho la pili la kila skripti, alikuwa ameondoka, na Serling alikuwa amekwenda kufundisha katika Chuo cha Antioch huko Ohio, alikowahi kusoma. Ndiyo maana katika msimu ule hamumwoni tena akitokea ndani ya mandhari ya hadithi. Amesimama mbele ya ukuta wa kijivu usio na kitu, utangulizi wake ukiwa umerekodiwa mbali na kazi yenyewe. Ule ukuta wa kijivu ninauona kama picha halisi ya umbali uliokuwepo.

Hadithi za aina hii huishi kwa wazo moja na mshangao mmoja. Ukizirefusha bila kuongeza mtu au uamuzi mpya, unapata kile mlichokipata katika No Time Like the Past. Ndani yake kuna hadithi mbili zilizoshonwa pamoja kwa uzi mbaya. Kwanza Paul Driscoll, akiigizwa na Dana Andrews, anarudi nyuma katika wakati kujaribu kuwaonya watu wa Hiroshima, kumwua Hitler na kuiokoa meli ya Lusitania, na anashindwa mara tatu mfululizo kwa haraka ambayo haimpi mtu nafasi ya kuumia. Kisha anakata tamaa na kuhamia katika mji mdogo wa Homeville, Indiana, mwaka 1881, na hapo ndipo hadithi halisi inapoanza: anajua kutoka kwenye kitabu kwamba shule ya mji itaungua, na jitihada yake ya kuzuia moto ndiyo inayouwasha, farasi wanaposhtuka na taa kuanguka kutoka kwenye gari. Hadithi hiyo ya pili ingekuwa episodi bora ya nusu saa. Lakini kabla ya kuifikia inatubidi kukaa kwenye meza ya chakula tukimsikiliza Driscoll akimhutubia mtu anayeshabikia vita, na kama ninakisia sawasawa, ni mezani pale ndipo mlipolala. Sitawalaumu.

The Bard, iliyofunga msimu huo tarehe 23 Mei 1963, ni mbaya zaidi, kwa sababu imechanganya magonjwa yote mawili, urefu na uchawi wa bure. Mwandishi asiye na kipaji anamwita Shakespeare kutoka kaburini kwa kitabu cha uchawi, na wadhamini wa televisheni wanaikatakata kazi ya bwana huyo mpaka haitambuliki. Serling alikuwa na haki ya kuwa na hasira. Wadhamini walimkatakata yeye pia miaka ya nyuma. Ila hasira ya mtu aliyekwisha kushinda hoja yake kichwani haihitaji dakika 51. Kinachobaki cha kutazama ni Burt Reynolds kijana akimwiga mwigizaji Marlon Brando, hadi Shakespeare anapomtandika ngumi.

Kuhusu msimu wa tano nitakwenda haraka, kwa kuwa hapo uchovu niliouahidi kuurudia ndio maelezo ya mengi, na uchovu hauna mengi ya kufundisha. The Fear, ya Mei 1964, inageuza kinyume mchezo wa vimo wa The Invaders: jitu la kutisha kumbe ni puto, na wageni wenyewe ni wadogo. Sounds and Silences inamfuata mtu apendaye kelele mpaka kelele zinamlipizia, na anapiga makelele yeye mwenyewe muda wote, kwa hiyo mtazamaji ndiye anayeadhibiwa. Charles Beaumont, mwandishi wa pili kwa umuhimu, alikuwa ameanza kuugua maradhi yaliyomzeesha na kumwua mwaka 1967 akiwa na umri wa miaka 38, na baadhi ya kazi zilizobeba jina lake ziliandikwa na rafiki yake Jerry Sohl. Lakini moja ya hizo ni Living Doll, ile ya mwanasesere anayezungumza, ambayo ni miongoni mwa bora kabisa. Kwa hiyo ugonjwa nao usibebeshwe lawama zote.

The Encounter, ya tarehe 1 Mei 1964, inahitaji kuzungumziwa kivyake, maana udhaifu wake si wa ufundi. Watu wawili wamejifungia darini: askari mstaafu wa Vita Kuu ya Pili na kijana Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, aliyeigizwa na George Takei. Kwa dakika kumi na tano hivi ni tamthilia nzuri. Kisha kijana anakiri kwamba baba yake, aliyekuwa akifanya kazi Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani kilichoshambuliwa na Japani mwaka 1941, aliwaonyesha njia marubani wa Kijapani. Usaliti wa namna hiyo haukuwahi kutokea, na uvumi wake ulikuwa sehemu ya hofu iliyofanya Wajapani wa Marekani wapatao 120,000 wafungwe makambini, Takei mwenyewe akiwa mmoja wao utotoni. Episodi hiyo ilionyeshwa mara moja, ikaondolewa kwenye marudio kwa miongo mingi. Itazameni, lakini mkijua hilo.

Na kama mtafika mwisho kabisa, tegeni sikio katika The Bewitchin' Pool, ya tarehe 19 Juni 1964, ambayo ndiyo iliyofunga tamthilia. Sehemu zilizopigwa nje ziliharibiwa na kelele, na Mary Badham, mtoto aliyeigiza humo, alikuwa amekwisha rudi kwao Alabama. Hivyo sauti yake iliingizwa na June Foray, mtu mzima aliyezoea kutoa sauti za katuni. Msichana anapiga mbizi katika bwawa la kuogelea na kuibuka akiwa na sauti nyingine. Kwa bahati, katika hadithi inayohusu watoto wanaotorokea ulimwengu mwingine, kosa hilo karibu liingie akilini.

Basi, jibu la swali la kwanza: rukeni The Whole Truth, Cavender Is Coming, Mr. Bevis, Mr. Dingle, the Strong, The Bard na Sounds and Silences, kwa mpangilio huohuo wa ubaya, na hamtakuwa mmekosa kitu. Kuhusu swali la pili, hapana, msiuruke msimu wa nne mzima. Tazameni In His Image, Death Ship na Miniature, kisha kaeni vizuri mtazame On Thursday We Leave for Home, ya tarehe 2 Mei 1963, iliyorushwa wiki tatu tu kabla ya The Bard na kuandikwa na Serling huyohuyo. Inamhusu Kapteni Benteen, akiigizwa na James Whitmore, kiongozi wa watu waliokwama kwenye sayari kavu kwa miaka 30, ambaye amewahifadhi hai kwa kuwasimulia habari za Dunia. Meli ya uokoaji inapofika, hawezi kuvumilia kuwa mtu asiyesikilizwa. Hotuba zimo, ndefu kama kawaida, lakini safari hii ni za Benteen, ni ugonjwa wake yeye, na hatujui tumpende au tumwogope. Wenzake wanapanda chombo. Yeye anajificha pangoni, anaanza kuvisimulia viti vitupu uzuri wa Dunia, na ni katikati ya sentensi zake mwenyewe ndipo anapokumbuka kwamba anataka kwenda. Anakimbia nje akiita. Meli imekwisha paa.